Kengele Ikilia, Nani Anaisikia? Mifumo ya Tahadhari Inayotegemea Simu ya Intaneti

Si ajabu siku hizi, mtu apitapo kando ya barabara iendayo Uwanja wa Ndege wa Mwanza au apandapo mitaa ya milimani, kuona kisanduku cha king'ora kikiwa kimefungwa juu ya mlango wa duka, ghala au nyumba ya kuishi. Wenye mali wametumia fedha nyingi kununua vifaa hivyo, na baadhi yao hulipa ada ya kila mwezi kwa kampuni za ulinzi ili mali zao ziangaliwe usiku na mchana.

Wakati huohuo, njia zinazobeba ujumbe wa kengele hizo zimebadilika. Simu ya waya wa shaba inatoweka, na mahali pake panachukuliwa na mkongo wa faiba, ruta na simu ya intaneti. Mabadiliko haya yana manufaa mengi. Hata hivyo, yanaweza kuikata kengele na kituo chake bila mwenye nyumba kujua. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo inavyotokea, na namna kila mkazi anavyoweza kuupima mfumo wake mwenyewe kabla siku ya hatari haijafika.

Kengele ni ujumbe, si kelele

Watu wengi wanapotaja kengele ya usalama humaanisha king'ora. King'ora kina kazi yake: humshtua mwizi na humwamsha jirani. Lakini mama aliyesafiri kwenda Bukoba na kuiacha nyumba imefungwa, au mfanyabiashara anayelala Kirumba ilhali duka lake lipo Pasiansi, halipii kelele peke yake. Analipia ahadi kwamba hatari ikitokea, mtu fulani mahali fulani atapata habari na kuchukua hatua.

Wazee wa Usukuma waliifahamu kanuni hii kabla ya kuwapo umeme. Yowe la hatari, ambalo kwa Kisukuma huitwa mwano, halikutegemea ukubwa wa sauti ya mpigaji wa kwanza. Lilitegemea kuitikiwa. Jirani aliyelisikia alilipokea na kulipeleka mbele, na aliyefuata naye akafanya vivyo hivyo. Sungusungu walipojipanga katika vijiji vya Shinyanga na Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliendeleza utaratibu huo na kuuongezea filimbi. Mtu aliyepiga yowe alijua kuwa limefika pale aliposikia likiitikiwa. Asiposikia jibu, alijua yuko peke yake.

Mfumo wa kisasa wa kengele una sehemu tatu. Ya kwanza ni vihisi: kimoja mlangoni, kingine dirishani, kingine cha kutambua mwendo au moshi. Ya pili ni kisanduku kikuu, ambacho hupokea taarifa za vihisi na kuamua kama kuna hatari. Ya tatu ni njia ya mawasiliano inayokiunganisha kisanduku hicho na chumba cha udhibiti cha kampuni ya ulinzi, au na simu ya mwenye nyumba. Mnunuzi huzichunguza sana sehemu mbili za kwanza kwa sababu anaziona kwa macho. Ile ya tatu, ambayo ndiyo yowe lenyewe, huiacha mikononi mwa fundi.

Simu ya waya ilivyoibeba kengele

Kwa miongo mingi, katika nchi nyingi, kengele zilitumia simu ya mezani. Kihisi kilipotambua hatari, kisanduku kiliikamata laini ya simu, kikapiga namba ya chumba cha udhibiti na kusubiri. Mashine ya upande wa pili iliitikia kwa milio miwili ya kusalimu. Ndipo kisanduku kikatuma ujumbe wake kwa milio ile ile inayosikika mtu abonyezapo vitufe vya simu.

Mpangilio wa milio hiyo uliotumika sana, na unaotumika hadi leo, unaitwa Contact ID. Ujumbe wake mmoja una tarakimu 16. Nne za mwanzo humtambulisha mteja. Zinazofuata hueleza aina ya tukio: 110 ni moto, 130 ni uvamizi wa wezi, 602 ni jaribio la kawaida. Nyingine hutaja eneo la nyumba lililoguswa, na ya mwisho hutumika kuhakiki kwamba zile zilizotangulia zimefika bila kuharibika. Kila mlio hudumu takribani sehemu ya 20 ya sekunde, hivyo ujumbe mzima hukamilika ndani ya sekunde mbili hivi. Mashine ya chumba cha udhibiti ikiridhika, hurudisha mlio mmoja mrefu wenye maana ya "nimepokea". Kisanduku kisipousikia mlio huo, hurudia kutuma.

Simu ya waya ilikuwa na sifa nyingine ambayo wengi hawakuiwazia. Umeme wake haukutoka nyumbani kwa mteja. Ulitoka kwenye betri kubwa za kituo cha simu, volti 48, ukasafiri katika waya uleule uliobeba sauti. Nyumba nzima ilipokuwa gizani, simu ya mezani iliendelea kufanya kazi. Aidha, kisanduku cha kengele kiliweza kuupima waya huo: volti zikitoweka, kilijua laini imekatwa na kikatoa onyo.

Simu ya intaneti ni kitu kingine

Simu ya intaneti huonekana kama ile ya zamani. Kifaa kidogo huunganishwa na ruta, na ubavuni mwake huwa na tundu la kuchomeka simu ya kawaida. Fundi akichomeka waya wa kengele humo, mlio wa laini unasikika na namba zinapigika. Ni rahisi kudhani kazi imekwisha. Lakini nyuma ya tundu hilo mambo matatu yamebadilika.

Jambo la kwanza ni sauti yenyewe. Simu ya intaneti haibebi sauti kama mkondo usiokatika. Huikata katika vipande vidogo, kwa kawaida 50 kwa kila sekunde, na kuvituma kimoja kimoja. Mara nyingi vipande hivyo hubanwa ili visile nafasi: sauti iliyohitaji biti 64,000 kwa sekunde inaweza kubanwa hadi biti 8,000. Ubanaji huo ulibuniwa kwa ajili ya koo la binadamu. Hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitazikosa, na kipande kikipotea njiani wakati watu wawili wanaongea, maana haiharibiki. Kengele haina bahati hiyo. Mlio wake mmoja una urefu wa vipande viwili au vitatu tu. Kimoja kikipotea au kikichelewa, tarakimu nzima inaweza kutoweka, au moja ikasomeka kama mbili. Tarakimu ya uhakiki huugundua uharibifu huo, mashine hukataa ujumbe, kisanduku hurudia, na dakika zinapita. Baada ya majaribio kadhaa kisanduku huchoka, kikaandika katika kumbukumbu yake kwamba kimeshindwa kuwasiliana.

Jambo la pili ni umeme. Ruta, kifaa cha simu na kile cha kupokea faiba vyote hula umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika, navyo huzimika.

Jambo la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa halionekani. Tulieleza kwamba kisanduku huipima laini kwa kuangalia volti zake. Kwenye simu ya intaneti, volti hizo hutengenezwa na kile kifaa kidogo kilicho mezani. Mara nyingi kifaa hicho huendelea kuzitoa hata pale intaneti ilipokatika kabisa. Kisanduku hupima, hukuta volti zipo, kikaridhika kwamba laini ni nzima. Taa yake ya kijani huendelea kuwaka. Kengele iko macho, lakini mdomo wake umefungwa, na yenyewe haijui.

Umeme ukikatika

Tuifanye hesabu, maana ni ya kila nyumba. Ndani ya visanduku vingi vya kengele kuna betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 7 kwa saa. Kisanduku na vihisi vyake hula umeme mdogo, pengine sehemu ya tano ya ampea. Betri hiyo, ikiwa nzima, inaweza kukibeba kwa siku nzima na zaidi. Fundi humwambia mteja hivyo, na husema kweli.

Lakini ruta haikuunganishwa na betri hiyo. Inapata umeme kutoka kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukikatika saa tatu usiku, kisanduku kitabaki hai hadi kesho yake usiku, ila njia yake itakuwa imekufa tangu sekunde ya kwanza. Ruta na kifaa cha faiba kwa pamoja vikitumia ampea moja na nusu, betri nyingine ya ukubwa ule ule ingevibeba kwa saa nne hivi, pungufu ikiwa betri ni kuukuu. Saa nne si haba, ingawa hazifiki alfajiri.

Katika mazingira yetu umeme hukatika kwa sababu nyingi. Ipo hitilafu kubwa, kama ile ya gridi ya taifa ya tarehe 1 Aprili 2024, iliyoyaacha maeneo mengi ya nchi bila umeme. Zipo mvua za vuli na masika pamoja na radi zake. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi, na radi hiyohiyo inayokata umeme inaweza kuunguza ruta iliyounganishwa na waya usio na kinga. Ipo pia sababu ndogo ambayo hakuna anayeitangaza: LUKU kuisha. Mwenye nyumba amesafiri wiki mbili, friji inaendelea kula uniti, na siku ya kumi mita inakata. Kuanzia hapo nyumba haina mlinzi yeyote, ingawa mwenyewe, akiwa mbali, anaamini kengele ipo kazini. Anayesafiri na aongeze uniti za kutosha, au amwachie namba ya mita ndugu anayemwamini.

Mwizi naye anayajua haya. Swichi kuu iliyo nje ya nyumba, bila kufuli, ni mwaliko kwake. Akiizima, ameua taa, kamera na njia ya kengele kwa kidole kimoja.

Njia ndefu kuliko inavyodhaniwa

Mkazi anaweza kuuliza: ikiwa chumba cha udhibiti kipo hapa hapa Mwanza, ujumbe utakwama wapi? Jibu linategemea mahali ilipo seva, yaani kompyuta inayopokea na kugawa ujumbe. Mifumo mingi ya bei nafuu, hasa kamera na kengele zinazoonekana kwenye simu ya mkononi, huwa na seva nje ya nchi. Ujumbe wa "mlango umefunguliwa" hutoka Pasiansi, husafiri kwa mkongo wa nchi kavu hadi pwani, huvuka bahari, hufika bara jingine, kisha hurudi njia ileile hadi kwenye simu ya mwenye duka aliye umbali wa mtaa mmoja.

Tarehe 12 Mei 2024 nchi yetu ilionja maana ya safari hiyo. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota au kukatika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Siku hiyo ruta zilikuwa zimewaka na umeme ulikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kufika ng'ambo. Kengele yenye seva ng'ambo haikuwa na uhakika wa kumfikia mwenye nyumba, hata kama alikuwa amekaa sebuleni kwa jirani. Kengele iliyotuma ujumbe kwa redio, au kwa ujumbe mfupi wa simu ndani ya nchi, haikuhitaji kuvuka bahari.

Funzo kutoka Uingereza

Nchi iliyokutana na tatizo hili kwa upana ni Uingereza, ambako kampuni za simu zinaifunga mitandao ya zamani na kuwahamishia wateja wote kwenye simu ya intaneti. Huko, watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao, huvaa kitufe shingoni au mkononi. Mzee akianguka hubonyeza kitufe, na kifaa kilichoungwa na laini ya simu humpigia mhudumu.

Baadhi ya vifaa hivyo vilishindwa kufanya kazi baada ya laini kubadilishwa. Mwezi Desemba 2023, kufuatia matukio mazito, serikali ya nchi hiyo iliziita kampuni za simu, nazo zikakubali kusitisha kuwahamisha kwa lazima wateja walio katika mazingira hatarishi hadi ihakikishwe kwamba wamelindwa. Tarehe ya mwisho ya kuifunga mitandao ya zamani, iliyokuwa Desemba 2025, ikasogezwa hadi Januari 2027.

Mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo alikwisha kuzielekeza kampuni, tangu mwaka 2018, kumpatia mteja anayetegemea simu ya nyumbani pekee njia ya kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja baada ya umeme kukatika. Saa hiyo moja ni kiwango cha chini kabisa hata kwa nchi ambayo umeme wake hukatika kwa nadra. Mkazi wa Pasiansi anapopanga akiba yake, na aanze kuhesabu mbali zaidi ya hapo.

Njia zilizo bora, na kasoro zake

Haya yote hayamaanishi kwamba intaneti haifai kwa kengele. Kinachokosesha uhakika ni kuilazimisha intaneti ijifanye simu ya zamani. Zipo njia tatu zinazofaa zaidi, na kila moja ina udhaifu wake.

Ya kwanza ni kisanduku kinachozungumza na intaneti moja kwa moja, bila kupitia milio ya simu. Hutuma ujumbe kama data, uliofungwa kwa siri, na hupata jibu la kupokelewa. Uzuri wake mkubwa ni ujumbe wa uhai: kila baada ya muda uliopangwa kisanduku hujitambulisha kwamba bado kipo. Kikinyamaza, chumba cha udhibiti hujua kuna kasoro. Muda huo ni jambo la kuuliza. Kengele inayojitambulisha mara moja kwa siku, ikikatwa saa moja usiku mara tu baada ya kujitambulisha, itaonekana nzima hadi kesho yake saa moja usiku. Inayojitambulisha kila dakika chache itagundulika mapema.

Ya pili ni laini ya simu ya mkononi iliyowekwa ndani ya kisanduku. Haihitaji ruta, na hutumia betri ya kengele yenyewe. Kasoro zake ni za kibinadamu. Laini hiyo huhitaji salio au kifurushi. Kikiisha, kengele hukosa sauti kama simu nyingine yoyote. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Tena laini husajiliwa kwa alama za vidole. Iliyosajiliwa kwa jina la fundi ni ya fundi, na siku mkikosana au akihama, mwenye nyumba hana mamlaka nayo. Kadhalika, jiji letu limejengwa juu na katikati ya vilima vya mawe. Nyumba iliyo nyuma ya jabali inaweza kupata mawimbi hafifu ilhali ile ya mbele inapata mawimbi mazuri. Fundi na apime nguvu ya mawimbi mahali penyewe kitakapofungwa kisanduku, si barazani. Inafaa pia kuuliza iwapo kifaa kinatumia mitandao mipya ya simu, kwa kuwa ya zamani hufungwa kadiri miaka inavyopita: nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilipoufunga mtandao wake wa 3G mwezi Februari 2022, kengele ambazo hazikuwa zimebadilishiwa vifaa zilipoteza njia.

Ya tatu ni redio. Kampuni kadhaa za ulinzi Afrika Mashariki hutumia redio zao wenyewe kupokea ujumbe wa vitufe vya dharura. Redio haihitaji intaneti wala salio. Hata hivyo, baadhi ya vifaa vya redio hutuma tu bila kusubiri jibu, na milima huathiri redio kama inavyoathiri simu.

Kwa sababu kila njia ina udhaifu, mfumo wa kuaminika huwa na njia mbili zisizokufa kwa sababu moja. Intaneti ya faiba na laini ya simu ya mkononi ni mbili. Faiba na simu ya intaneti inayopita ndani ya faiba hiyohiyo ni moja, hata kama kuna vifaa viwili ukutani.

Jaribio la kufanya nyumbani

Mkazi hahitaji utaalamu kujua kama kengele yake inafika. Anahitaji nusu saa na daftari. Ikiwa nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya umeme, hatua ya tatu isifanywe kabla mashine hiyo haijapatiwa umeme mwingine.

1. Piga simu chumba cha udhibiti na uwaarifu kwamba utafanya majaribio, ili gari la doria lisitumwe bure. Kubalianeni muda wa kuanza na wa kumaliza.

2. Fungua mlango wenye kihisi huku kengele ikiwa imewashwa. Usiulize tu kama wamepata ujumbe. Uliza ni mlango upi, na saa ngapi. Linganisha na saa yako.

3. Zima umeme kwenye swichi kuu. Subiri dakika kumi, kisha rudia jaribio. Ujumbe usipofika, njia yako inategemea umeme wa ukutani.

4. Rudisha umeme na usubiri ruta iwake. Sasa chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, kisha rudia jaribio. Angalia kama ujumbe umepita njia ya pili, na kama chumba cha udhibiti kimetambua chenyewe kwamba njia ya kwanza imekatika, na baada ya dakika ngapi.

5. Rudisha kila kitu mahali pake, fanya jaribio la mwisho kuhakikisha mfumo umerejea, kisha waarifu kwamba umemaliza. Andika tarehe na matokeo.

Hatua ya pili na ifanywe kila mwezi. Zote tano zifanywe angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mara kinapotokea kibadiliko chochote: umehamia kampuni nyingine ya intaneti, umeletewa ruta mpya, au umebadilisha nywila ya Wi-Fi. Kubadilisha nywila ni jambo jema, lakini kifaa ambacho hakikupewa nywila mpya hubaki nje ya mtandao bila kulalamika. Na kisanduku kikitoa mlio mdogo wa kujirudia, usiunyamazishe na kusahau. Huo ndio wakati kinaposema kwamba betri imechoka au mawasiliano yameshindikana.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma

Kabla ya kutia saini mkataba, au unapouhuisha, omba majibu ya maswali haya kwa maandishi:

- Ujumbe wa kengele yangu unapita njia ipi, na njia ya pili ni ipi?
- Kengele hujitambulisha kila baada ya muda gani? Isipojitambulisha, mnafanya nini na mnampigia nani?
- Umeme ukikatika, kisanduku kitadumu saa ngapi? Ruta nayo je?
- Seva ya mfumo huu iko ndani ya nchi au nje?
- Laini ya simu iliyomo imesajiliwa kwa jina la nani, na nani analipia kifurushi chake?
- Betri itabadilishwa lini? Betri za aina hii huchoka baada ya miaka michache hata kama hazijatumika sana.

Mtoa huduma mwenye kazi nzuri hataona tabu kuyajibu. Anayejibu kwamba "mfumo ni wa kisasa, usiwe na wasiwasi" bado hajajibu.

Pale mashine zote zinaponyamaza

Kila kaya na iwe na angalau simu moja ya mkononi yenye chaji usiku, isiyotegemea Wi-Fi ya nyumbani. Namba za dharura ni 112 kwa Polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kuzipiga ni bure. Wafundishe watoto na wasaidizi wa nyumbani namba hizo, na uzibandike mahali zinapoonekana hata kwa tochi.

Jambo la mwisho ni anwani. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliyapatia majengo namba na barabara majina. Hakikisha chumba cha udhibiti kina jina la barabara yako na namba ya nyumba yako kama zilivyo kwenye kibao, pamoja na alama ya jirani inayojulikana, kwa sababu gari la doria linalouliza njia gizani kati ya mawe na vichochoro hupoteza dakika zilezile ambazo kengele ilizinunua. Mkazi ambaye nyumba yake haina namba, au ambaye namba yake haisomeki tena, aanzie kwa Mwenyekiti wa Mtaa wake au ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata.

Mpatie pia jirani namba yako ya simu, na uchukue yake. King'ora kikilia nyumbani kwake usiku, mpigie ajue. Kisha mwombe naye akufanyie hivyo.